Mafuta ya klachi yanakuwa meusi haraka, fundi anataka kushusha gia boksi. Kuna haja kweli?

Nyundo ya Ipogolo
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Hilux, injini ya dizeli aina ya 5L, gia za mkono, napiga nayo mizigo ya vitunguu Iringa kushuka Dar na kurudi. Mafuta ya klachi yalibadilishwa kabla ya Pasaka, jana nafungua kile kichupa kidogo pembeni ya cha breki nakuta yamekuwa meusi kama oili ya injini ya kumwaga. Asubuhi gari ikiwa baridi gia namba moja na riva zinagoma, zinakwaruza, ila nikipampu pedeli mara mbili tatu inaingia laini kabisa. Fundi kaangalia dakika moja tu kasema shusha gia boksi, badilisha pleti ya klachi, presha pleti na rilizi beringi. Hela anayotaja ni ya kununua ng'ombe wawili. Maswali yangu, kwanza kwanini yanakuwa meusi haraka hivyo, pili naweza kumwaga yote nikaweka mapya bila kugusa gia boksi nikaona kwanza? Karibuni.

Mkamba wa Gerezani
Huyo fundi ana njaa. Ukipampu gia ikaingia maana yake pleti haina shida, shida iko kwenye mafuta. Pleti ikiisha dalili yake ni tofauti, gari inanguruma injini inapanda lakini mwendo haupandi, hasa mlimani. Wewe Kitonga unapanda na mzigo vizuri?

Nyundo ya Ipogolo
Kitonga napanda vizuri tu mkuu, na mzigo. Haitelezi kabisa.

Mkamba wa Gerezani
Basi usikubali kushusha chochote. Toa upepo kwanza, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta.

DerevaWaUsiku
Tusimhukumu fundi jamani hajaja kujitetea. Inawezekana aliona kitu kingine, foki imechakaa au beringi inalia. Mtoa mada hebu sema, ukikanyaga klachi kuna sauti?

Bi Spana
Habari zenu. Mimi ni fundi, niko gereji miaka mingi na Hilux za aina hii zinapita mkononi kwangu kila wiki, nieleze kidogo kuhusu huo weusi maana watu wengi wanachanganya.

Klachi ya mafuta ina masta juu kwenye ukuta wa injini na slevu chini pembeni ya gia boksi, katikati kuna bomba la chuma na kipande cha mpira. Ukikanyaga, masta inasukuma mafuta, slevu inatoa kifimbo, kifimbo kinasukuma foki, foki ndiyo inaachisha klachi ili gia iingie. Ukiachia mafuta yanarudi. Sasa angalia, hayo mafuta hayazunguki. Yanaenda mbele kidogo yanarudi nyuma kidogo, yale yaliyoko kwenye slevu yanabaki pale pale miaka. Na slevu ndiyo sehemu ya chini kabisa, ndiyo sehemu yenye joto, na ndiyo yenye raba inayosuguana na ukuta wa silinda kila unapokanyaga. Kwenye foleni ya Mbagala unakanyaga mara ngapi kwa saa? Ile raba inasagika, unga wake ndio huo weusi. Na wengi wanaosema "nimebadilisha mafuta" wamevuta yale ya kwenye kichupa juu tu wakajaza mapya, ya chini hawajayagusa. Baada ya muda uchafu wa chini unapanda polepole unachafua ya juu. Muulize aliyekubadilishia kabla ya Pasaka, alifungua nipeli ya chini, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta kwenye slevu?

Nyundo ya Ipogolo
Dada Bi Spana asante. Nilikuwepo, hakuingia chini ya gari kabisa. Alivuta na bomba la sindano juu akajaza. DerevaWaUsiku, hakuna sauti yoyote nikikanyaga.

Bi Spana
Ndiyo hivyo. Hayo hayakubadilishwa.

Kaka Mkubwa wa Tanga
Mimi nakataa kidogo hoja ya raba. Huku kwetu pwani mafuta yanakuwa meusi hata kwenye gari zisizotembea. Kuna Land Cruiser ya taasisi moja ilikaa imepaki mwaka mzima na zaidi, hakuna aliyekanyaga klachi, tulipofungua mafuta yalikuwa na rangi ya kahawia nzito. Raba ilisagika na nani? Mimi nasema ni unyevunyevu. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hayo hayo ya klachi, yanavuta maji kutoka hewani, maji yanaleta kutu ndani ya silinda na bomba, kutu inachafua.

Bi Spana
Kaka Mkubwa umesema mwenyewe, kahawia. Kutu inaleta kahawia. Mtoa mada anasema meusi. Slevu ya chuma cha kumimina inatoa kahawia ya kutu, ya alumini ikilika inatoa kijivu kinachong'aa, raba inatoa weusi. Chukua yale machafu weka kwenye chupa safi ya kioo, yaache usiku kucha. Kama weusi umetua chini ni unga wa raba au chuma. Kama yamebaki meusi kote basi yamezeeka na kuungua.

Mzee Pistoni
Hamjambo vijana. Yote mawili yanatokea kwa pamoja, msibishane bure. Ila kuna la tatu hamjalisema, vumbi la klachi. Slevu ya nje ina mpira wa kuzuia vumbi pale kifimbo kinapotokea. Ukipasuka, vumbi la barabara na la pleti linaingia hadi kwenye raba, linakata raba, na slevu inaanza kulowa. Njia za vumbi za Mufindi na Kilolo zinamaliza ule mpira haraka sana. Ufunue mpira uangalie ndani, ukikuta umelowa slevu imeshaanza kuvuja.

Kaka Mkubwa wa Tanga
Shikamoo mzee. Hapo sawa, lakini hoja ya maji msiipuuze.

Mzee Pistoni
Marahaba.

Msomi wa Veta
Kuhusu maji Kaka Mkubwa yuko sahihi kwa namba. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta ya breki na klachi, ikiwa mpya kabisa haina budi ichemke si chini ya nyuzi 205, lakini ikishavuta maji ya asilimia 3.7 kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishavuta maji. Hivyo ni viwango vya serikali ya Marekani, ndiyo maana ya neno DOT, ni Wizara yao ya Uchukuzi. Kwahiyo mafuta ya zamani yakipata joto yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedeli inakuwa laini.

Chuma Chakavu
Basi aweke DOT 5 amalize kazi, namba kubwa ndiyo bora

Msomi wa Veta
HAPANA. Mtoa mada usifanye hivyo tafadhali. DOT 5 ni silikoni, ina rangi ya zambarau, haichanganyiki kabisa na DOT 3 wala 4, na mfumo wako haukutengenezwa kwa ajili yake. Ipo nyingine inaitwa DOT 5.1, hiyo ni familia moja na 3 na 4 na inakubali kuchanganyika nazo. Majina yanafanana lakini ni vitu viwili tofauti. Soma mfuniko wa kichupa, umeandikwa unachotakiwa kuweka.

Chuma Chakavu
Sawa mwalimu usinichape

Fuso la Makambako
Mnaongelea joto la nini jamani, klachi siyo breki. Breki inasugua diski inapata moto, slevu inasukuma kifimbo tu. Mafuta ya klachi hayachemki kamwe. Hiyo ya nyuzi 205 haimuhusu mtoa mada.

Mkamba wa Gerezani
Fuso wewe gari lako lina upepo wa kusaidia klachi, usilinganishe na Hilux 😂

Fuso la Makambako
Upepo unasaidia nguvu tu, amri bado inatoka kwa mafuta kwenye masta. Na najua ninachosema, buster ya klachi ikivuja mafuta ndani unasimama Nyang'oro na mzigo.

Bi Spana
Fuso uko sahihi kwamba haipati joto la breki, ila slevu imefungwa kwenye gia boksi, kuna gari bomba la ekzosi linapita karibu nayo sana. Ukipanda Kitonga gia ya pili na mzigo ukifika juu jaribu kuishika kwa mkono uone. Kuchemka ni nadra, hilo nakubali. Kuzeeka kwa sababu ya joto siyo nadra.

Makanika wa Mombasa
Salaam kutoka Mombasa. Huku tuna unyevu wa bahari na joto pamoja, mafuta ya klachi hayamalizi miaka miwili yakiwa masafi wallahi. Mimi natoa yote kila nikibadilisha ya breki. Lakini nina swali kwa huyo ndugu, alinunua mafuta wapi? Feki zimejaa. Kuna chupa ukifungua inanuka kama spirit, rangi kama maji, ukisugua kwa vidole haina utelezi. Zinavimbisha raba. Nilifungua masta ya pickup moja raba imenenepa imekwama ndani, pedeli hairudi juu. Huyo mteja alikuwa amesha badilisha pleti bure.

Pwaguzi
Makanika hiyo siyo feki peke yake. Kuna watu wanaweka ATF, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki, au ile ya pawa stelingi kwenye kichupa cha klachi wakiishiwa njiani. Mafuta ya madini yanavimbisha raba za mfumo wa glikoli, yaani wa DOT 3 na 4, zinakuwa kubwa, zinaziba kitundu cha kurudisha mafuta. Hapo hata umwage vipi haisaidii, raba zote za juu na chini pamoja na mpira wa kati ni kubadilisha.

DerevaWaUsiku
Na wale wa maji ya sabuni je? Nimewaona kwa macho, lori limeishiwa njia ya Tunduma, wanakoroga sabuni ya unga kwenye maji wanajaza. Wanafika kweli.

Mzee Pistoni
Wanafika, halafu silinda inaota kutu ndani ya siku chache. Usimfundishe mtu hiyo.

Nyundo ya Ipogolo
Wakuu shukrani sana. Nimefunua ule mpira wa vumbi wa slevu kama alivyosema mzee. Ndani pamelowa kidogo, siyo kutiririka, ila kidole kilitoka na weusi. Sasa naomba mnielekeze namna ya kumwaga yote mwenyewe na kijana wangu, jumamosi sina safari.

Bi Spana
Haya. Andaa nusu lita ya DOT 3 iliyofungwa, inatosha na kubaki maana mfumo wa klachi unameza kidogo sana. Chupa ikishakaa wazi kabatini miezi usiitumie. Pata spana ya nipeli, nyingi ni nane au kumi, tumia ya duara siyo ya mdomo wazi maana kinipeli kikichunika kona umeongeza kazi. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa unaingia vizuri na unaona mafuta yanavyopita. Chupa ya maji tupu chini.

Vuta yale ya kichupa cha juu, futa ndani kwa kitambaa kisicho na nyuzi, jaza mapya. Ingia chini, safisha nipeli kwanza kwa brashi, vaa mpira wa dripu, mwisho wa mpira uzame kwenye mafuta kidogo ndani ya ile chupa. Kijana juu akanyage polepole hadi chini, aseme "nimeshika". Unafungua nipeli robo mzunguko, mafuta yanatoka, unafunga, ndiyo unamwambia aachie. Usimruhusu aachie nipeli ikiwa wazi, atavuta hewa. Rudia. Utaona kwanza unatoka uzi mweusi mzito na vipande vidogo vya raba vinaelea, halafu unakuja mchanganyiko wenye mapovu, halafu manjano hafifu safi. Kila baada ya mara chache angalia kichupa cha juu, kikikauka umeanza upya.

Yakimwagikia bodi mwagia maji mengi hapo hapo, yanakula rangi. Na yale machafu usiweke kwenye chupa ya soda ukaiacha uani. Ni sumu, na mtoto hajui.

Kaka Mkubwa wa Tanga
Maelezo safi dada. Mimi huwa sitaki habari za kukanyaga, naacha mvuto wa dunia ufanye kazi. Fungua nipeli, yaache yadondoke yenyewe, unaongeza juu. Kazi ya mtu mmoja na hakuna kugombana na kijana.

Pwaguzi
Zote za kizamani. Njia bora ni kutoka chini kwenda juu. Bomba kubwa la sindano lililojaa mafuta mapya, unachomeka kwenye nipeli ya slevu unasukuma. Hewa kawaida yake ni kupanda, unaisaidia inakokwenda. Dakika tano kazi imeisha.

Bi Spana
Pwaguzi kwa kutoa hewa iliyogoma nakubali, nami naitumia. Lakini huyu ana uchafu chini. Ukisukuma kutoka chini unapeleka unga wote kwenye masta, kwenye kitundu chembamba kama sindano. Kwanza atoe uchafu kwa chini, kama hewa itabaki ndiyo asukume kutoka chini kwenda juu.

Pwaguzi
Uchafu unafika kwenye kichupa unavutwa. Nimefanya gari nyingi hakuna iliyoziba.

Mzee Pistoni
Mimi niliona iliyoziba. Klachi ikawa hairudi yote, gari linateleza kama pleti imekwisha, wakashusha gia boksi pleti nzima kabisa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, yakikosa njia ya kurudi juu yanaendelea kusukuma foki. Hali hiyo hiyo inaletwa na pedeli isiyo na mchezo. Manyuali nyingi za Toyota zinataka mchezo wa milimita 5 hadi 15 juu ya pedeli kabla haijaanza kusukuma. Vijana wanaukaza wote wakidhani wanaongeza klachi.

Kirikuu Spesho
Raha ya kirikuu, pikapu ndogo, klachi yake ni waya tu. Ukikatika unanunua mwingine. Hakuna DOT hakuna dripu

Chuma Chakavu
Kirikuu nyamaza, watu wazima wanaongea 😂😂

Msomi wa Veta
Nyundo, kitu kingine cha kuangalia, kiwango kwenye kichupa cha klachi. Kwenye breki pedi zikiisha mafuta yanashuka. Kwenye klachi ni kinyume, pleti ikiisha vidole vya presha pleti vinasogea nyuma vinarudisha pistoni ya slevu ndani, mafuta yanapanda kidogo juu. Kwahiyo kama kichupa cha klachi kinashuka kuna mahali panavuja. Usiseme ni kawaida ukaongeza tu.

Makanika wa Mombasa
Hii imenielewesha jambo. Ndiyo maana mtu akiweka klachi mpya, wiki chache baadaye slevu inaanza kuvuja wakati mwanzo ilikuwa sawa?

Bi Spana
Ndiyo. Pleti mpya inafanya pistoni isimame mahali tofauti na ilipozoea, raba inaanza kupita kwenye sehemu ya ukuta yenye kutu na uchafu wa miaka. Na wakati wa kazi fundi anaisukuma pistoni ndani kwa nguvu. Raba inakatika. Kwahiyo huyo fundi angeshusha gia boksi bila kugusa slevu, mtoa mada angerudi hapa kulalamika.

DerevaWaUsiku
Kwahiyo fundi alikuwa sahihi ila hakumalizia? 😀

Mkamba wa Gerezani
Hakuwa sahihi!!

Nyundo ya Ipogolo
Mrejesho. Tumemwaga jumamosi kwa njia ya Bi Spana. Ulitoka uchafu ambao sikutegemea, na vipande vyeusi vidogo vidogo. Mwisho yakaja masafi. Pedeli imepanda, inashika juu zaidi. Asubuhi ya leo gia namba moja imeingia bila kupampu. Riva bado inakwaruza mara moja moja nikiwa nimetoka tu kuwasha. Mungu awabariki.

Kaka Mkubwa wa Tanga
Safi. Riva hapo ni hewa kidogo imebaki. Mwachie kijana akanyage tena, au weka njia yangu usiku.

Pwaguzi
Ni hewa. Sindano kutoka chini 🙂

Fuso la Makambako
Siyo hewa. Gia boksi nyingi za aina hiyo riva haina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, lazima usubiri shafti isimame. Kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu ndiyo uingize, au gusa gia ya mbele kwanza halafu riva. Halafu, oili ya gia boksi umeweka ipi? Kuna watu wanaweka nzito yoyote, asubuhi ya baridi ya Iringa gia zinakuwa ngumu mnasingizia klachi.

Msomi wa Veta
Fuso hapo kwenye oili una hoja. Oili za gia za daraja la GL-5 zenye dawa kali baadhi zinaathiri shaba ya sinkro. Aangalie manyuali inasema GL-4 au zote mbili.

Mkamba wa Gerezani
Masta je? Hakuna aliyeitaja. Washa gari, ingiza gia moja, kanyaga klachi mpaka mwisho ushikilie bila kupampu. Kama baada ya muda gari linaanza kujisogeza, raba ya ndani ya masta inapitisha, na nje huoni hata tone. Chungulia pia chini ya dashibodi pale kifimbo cha pedeli kinapoingia, kapeti likiwa limelowa jibu unalo.

Nyundo ya Ipogolo
Kapeti kavu. Hilo la kushikilia nimejaribu sasa hivi, sina uhakika, uwanja wangu una mteremko kidogo.

Mkamba wa Gerezani
Nenda tambarare mkuu, geuza na upande wa pili pia.

Mzee Pistoni
Vyovyote vile slevu imelowa, hilo haliondoki kwa kumwaga mafuta. Utakuta weusi tena.

Nyundo ya Ipogolo
Ndiyo nilitaka kuuliza mzee, ninunue raba peke yake au slevu nzima? Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, bei zinapishana mbali sana.

Mkamba wa Gerezani
Raba za Kijapani, tosha. Slevu nzima za bei chee ukuta wake unakwaruzika mapema kuliko ya zamani uliyo nayo.

Bi Spana
Usiamue kabla hujaifungua. Ni bolti mbili na bomba, kazi fupi. Toa pistoni, osha ndani kwa mafuta ya breki masafi, petroli usiiguse. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda kote, hasa upande wa mdomo. Ukucha ukikwama popote, raba mpya haitadumu, nunua nzima. Ukipita laini weka raba, na ule mpira wa vumbi mpya pia, wengi wanausahau.

Makanika wa Mombasa
Na angalia pistoni yenyewe, siyo ukuta peke yake.

Nyundo ya Ipogolo
Nimepokea. Jumatano nateremka na mzigo, nikirudi naifungua natuma picha.